Kuku wa Wanzala Amevuka Reli

Kijiwe chetu kiko kando ya reli, pale Laini Saba, kati ya kibanda changu cha kutengeneza stovu na jiko la Nabwire la kahawa. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na hakuna hata mmoja wetu anayejua lilitoka wapi. Ndivyo tulivyokubaliana kumwambia askari wa reli siku akiuliza. Tuko watano. Wa kwanza ni Shivachi, seremala, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna binti wa Kiluhya aliyeposwa upande huu wa Kibera bila yeye kusimama mbele ya wageni na kuanza, "Mimi sina maneno mengi," kisha akaongea mpaka kuku akapoa. Wa pili ni Benard, tunayemwita Ulaya, maana aliwahi kulinda lango la ubalozi mmoja na tangu hapo amejiona mtu wa nje. Wa tatu ni Githinji, muuza dawa ya panya, basi tunamwita Daktari. Wa nne ni Wanzala wa mjengo, kibarua wa ujenzi, ambaye hana jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha mtu apate la kumbandika. Mimi wananiita Stovu. Kijiwe kina sheria moja ya zamani: garimoshi likipita, kila mtu anashika kikombe chake na kunyamaza, na likishapita, neno linarudi kwa aliyekuwa nalo. Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na sita nafasi ya Wanzala kwenye benchi ilikuwa wazi, na ingawa tulikuwa tumebanana, hakuna aliyeikalia.

DAKTARI: Mmesikia? Kuku wa Wanzala amevuka reli.

ULAYA: Kuku gani, yawa? Wanzala hafugi kuku.

DAKTARI: Kuku wa Jumamosi. Ile karamu ya kumtoa Caren aolewe. Haiko hapa tena. Imepelekwa Kawangware, pale Kongo, kwa ndugu yake Wabwire.

ULAYA: Nani amekuambia?

DAKTARI: Mimi nauza dawa ya panya, bana. Hakuna nyumba siingii.

SPIKA: Ni kweli. Alikuja kwangu jana. Anataka nisimame nimwongelee kwa hao wageni.

MIMI: Na ukamjibu nini?

SPIKA: Nikamwambia nitafikiria.

NABWIRE: Toa mguu hapo, Baba Imma, nipitishe makaa.

Spika alitoa mguu bila kumtazama. Jibu lake lilinikera, na nitasema kwa nini. Mtu mwingine yeyote wa Laini Saba angeweza kujibu kwamba atafikiria. Spika hakuwa na haki hiyo.

Mwaka huo wasichana kadhaa wa shule ya hapa walikuwa wameenda nyumbani kusalimia nyanya zao wakati wa likizo, na shule ikafunguliwa wao hawajarudi. Kila mzazi alikuwa na hadithi yake, na kila hadithi ilikuwa na bwana arusi ndani. Mzee Naftaly, ambaye ndiye mzee wa kijiji chetu, akaitisha mkutano nje ya kanisa la mabati ili tuweke sheria. Tatizo ni kwamba mzee wa kijiji hana jela wala askari. Ana kiti na filimbi. Watu walipendekeza faini, watu wakacheka. Ndipo Spika aliposimama na kusema hana maneno mengi. Akauliza, ndoa inakuwa ndoa lini? Si wakati watu wameketi, wamekula, wameshuhudia? Basi katika kijiji hiki cha Laini Saba, mzazi atakayemtoa msichana wa shule, hakuna mkaaji atakayeketi kwenye meza yake, hakuna atakayemwongelea, hakuna atakayekula kuku wake. Karamu isiyo na walaji haina mashahidi, na mtoto aliyetolewa bila mashahidi hajaolewa, ameibwa. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Mzee Naftaly akauliza nani anakubali, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Wanzala.

Caren ni binti wa Wanzala, na yuko darasa la saba pamoja na Imma, mtoto wa Spika. Nafikiri siku ile Wanzala aliwaza mabinti wa watu wengine, kama sote.

ULAYA: Ngoja kwanza. Hapa kuna jambo la kisheria. Ile sheria inasema aje, neno kwa neno?

SPIKA: "Katika kijiji hiki cha Laini Saba."

ULAYA: Umeona! Kongo si Laini Saba. Sheria yetu inafika kwa reli inachoka. Huko Kongo kuku ako huru.

DAKTARI: Inategemea amenunuliwa wapi. Akinunuliwa kwa Nduku muuza kuku, hapa stesheni, huyo ni kuku wetu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata akifika Kawangware, kamba imefungwa huku.

ULAYA: Kwa hivyo sheria iko kwa kamba?

DAKTARI: Iko kwa kuku.

MIMI: Na wakimnunua huko huko Kawangware?

DAKTARI: Basi iko kwa tumbo. Tumbo limetoka hapa.

SPIKA: Tumbo langu halijasema linaenda.

ULAYA: Omera, tumbo lako na kuku ni watu wa ukoo mmoja. Haliwezi kukosa mazishi.

Tulicheka. Nabwire alimimina kahawa bila kuonyesha kama amesikia. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, alifundishwa kuipika na jirani yake Mnubi wa Makina, na mtu akiongeza sukari anamtazama kama aliyetukana kanisani.

ULAYA: Na kwanza, huyo msichana ana miaka ngapi? Wanzala anasema ameshakomaa.

MIMI: Kumi na nne. Alizaliwa mwaka wa mapinduzi, themanini na mbili. Siku yenyewe! Ndege zinapita juu ya nyumba, watu wamelala chini ya vitanda, na mamake, Rachael, ameshikwa na uchungu ukuta wa pili na mimi. Mkunga alitembea njia yote mikono juu asidhaniwe ni mwasi. Wewe hukuwa hapa?

ULAYA: Nilikuwa chini ya kitanda.

DAKTARI: Miaka si kitu. Kuna watu wanazaliwa wakiwa wazee. Kipimo ni sikio. Sisi tukiingia shule tulikuwa tunapimwa aje? Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande ule mwingine, umefika.

ULAYA: Umefika darasa la kwanza!

DAKTARI: Basi anayetaka kuolewa apitishe mkono juu ya kichwa chake, ashike sikio la jirani.

SPIKA: Kitambulisho, kile cha miaka kumi na nane. Hiyo ndiyo ningeongeza siku ile. Bila kitambulisho, hakuna kuku.

DAKTARI: Siku hizi kuku pia wanachukuliwa alama za vidole?

SPIKA: Msichana, bwana! Msichana ndiye awe nacho.

NABWIRE: Mimi nilichukua kitambulisho nikiwa na watoto wawili. Nilikuwa nimeshaolewa na nimeshaachwa.

Tulidhani anatania, tukacheka kidogo. Yeye hakucheka, akainama kupuliza makaa, na kicheko chetu kikaisha chenyewe.

DAKTARI: Lakini pia tusimlaumu Wanzala sana. Samaki mkunje angali mbichi.

MIMI: Hiyo ni ya kulea mtoto, Daktari. Si ya kumwoza.

DAKTARI: Methali ikitoka mdomoni si yangu tena. Kila mtu achukue anavyotaka.

Nilitaka kumjibu, lakini Ulaya alikuwa ameshaweka kikombe chini, na Ulaya akiweka kikombe chini ujue anatuhamisha nchi.

ULAYA: Sikilizeni. Pale ubalozini nilipokuwa, ukishaingia lango, umetoka Kenya. Nyasi ni ya kwao. Mbwa ni wa kwao. Nchi si udongo, nchi ni watu. Sasa niwaulize: watu wanne wa Laini Saba wakikaa pamoja huko Kongo, pale wamekaa ni wapi?

DAKTARI: Kongo.

ULAYA: Laini Saba! Huo ni ubalozi wa Laini Saba.

DAKTARI: Kwa hivyo tunaenda?

ULAYA: Tunaenda. Tunakaa. Sheria inakaa na sisi. Kuku akiletwa mezani ameingia nchi yetu, na kwa nchi yetu kuku wa aina hiyo haliwi. Tunakataa.

MIMI: Yaani tutoke hapa kwa miguu mpaka Kawangware, tuketi mezani kwa Wabwire, ndio tukatae kula?

ULAYA: Hiyo ndiyo inaitwa diplomasia.

DAKTARI: Ngoja, ngoja. Sahani ni ya nani? Ni ya Wabwire. Kwa hivyo sahani iko Kongo na sisi tuko Laini Saba. Kuku akiinuliwa kutoka kwa sahani, kabla hajafika mdomoni, huyo ako wapi?

ULAYA: Hapo ni mpakani. Hapo ni forodha.

DAKTARI: Basi mimi nitakula forodhani.

Hapo nilicheka mpaka nikajimwagia kahawa kwenye goti. Kisha nikaona ile nafasi tupu ya Wanzala. Kesho kutwa, Jumamosi, mtoto aliyezaliwa nikisikia mamake akilia ukutani kwangu angeketishwa mbele ya mtu asiyemjua, na sisi tulikuwa tunatafuta mahali pa kumlia kuku.

MIMI: Tuache mchezo. Tufanye nini?

DAKTARI: Mimi sichezi. Nina dawa. Wasichana wote wa Laini Saba tuwafanye watoto wa Mzee Naftaly. Baba akitaka kumwoza, tunamwambia, pole, huyo si wako. Mahari ikija, inatafuta mwenyewe.

ULAYA: Naftaly atakuwa na mabinti wengi kuliko wake wa Suleimani.

DAKTARI: Na hatamaliza kuwapangia ndoa. Atachoka kabla ya kumwoza wa kwanza. Si ndio tunataka?

ULAYA: Na yeye akila kuku wao, nani atamkatalia?

DAKTARI: Tutamtungia sheria yake.

SPIKA: Wanzala si mtu mba—

Garimoshi la mizigo likaja. Tulishika vikombe, benchi likatetemeka chini yetu, behewa baada ya behewa. Nilimtazama Spika muda wote huo. Alikuwa ametazama chini, na midomo yake ilikuwa inasogea kama mtu anayepanga maneno kanisani kabla hajaitwa kutoa ushuhuda. Garimoshi likapita. Neno lilikuwa lake, tukamngoja.

SPIKA: Nimesema, Wanzala si mtu mbaya. Mimi namjua. Nilipofiwa na mama, mvua ilikuwa inanyesha, lori halina turubai, nani alikaa huko nyuma na jeneza mpaka kwetu Shinyalu ili lisigongegonge? Ni yeye. Hata si mtu wa kwetu, yeye ni Msamia. Alikaa huko akilishika kwa mikono.

ULAYA: Hiyo tunaijua, Spika.

SPIKA: Sasa hii hamjui. Tangu Rachael afariki, Wanzala halali. Anaenda mjengo kabla ya jua, anarudi giza limeingia, na msichana ako peke yake siku nzima ya likizo. Ule mlango wake mnaujua.

DAKTARI: Bati na waya. Hata mimi huinua waya kwa kidole nikipeleka dawa.

SPIKA: Kila mtu anaweza kuinua huo waya kwa kidole. Juzi amerudi amekuta kijana mkubwa ameketi pale mlangoni. Ati anangoja maji. Wanzala hauzi maji! Usiku huo akatuma habari nyumbani watafute mtu wa kumwoa Caren. Wamepata mtu wa Funyula, ana mashine ya kusaga, halewi, anaenda kanisa. Nilimuuliza, Wanzala, na ule mkono ulioinua kwa mkutano? Unajua alinijibu nini? Alisema, "Shivachi, mimi sitafuti mahari. Namtafutia mtoto mlango."

Nilikuwa nimekuja nikiwa na hasira na Wanzala tangu asubuhi, na hasira hiyo sasa sikujua niiweke wapi. Ni rahisi kumchukia baba anayeuza mtoto. Huyu alikuwa anaogopa tu, na alikuwa amekosea kwa woga.

DAKTARI: Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

ULAYA: Na asiyefunzwa na mamaye...

NABWIRE: Hiyo wacha, Ulaya. Mama yake alikufa. Hakukataa kumfunza.

ULAYA: Pole. Imetoka tu.

SPIKA: Kwa hivyo niambieni. Nikienda, nimekula neno langu mbele ya kijiji kizima, na Imma wangu atanitazama aje? Nisipoenda, nimemwacha mtu aliyeshika jeneza la mama yangu. Na akinikosa mimi atapata msemaji mwingine Kongo. Huko hakuna sheria.

MIMI: Na huyo wa Funyula, mlango wake unafungwa kutoka upande gani?

Sikujua nimeuliza nini mpaka nilipoona Nabwire ameinua kichwa. Na kabla Daktari hajatutafutia methali nyingine, tukamwona Caren mwenyewe anakuja kando ya reli.

Alikuwa amevaa sare ya shule, sweta imemfupika mikononi, na ameshika dumu la maji tupu. Amechukua urefu wa babake na kunyamaza kwake. Alisimama mbele ya benchi, karibu na ile nafasi iliyokuwa wazi.

CAREN: Habari zenu.

Tukaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

CAREN: Baba Imma, baba amesema nikuulize. Jumamosi utaenda na yeye asubuhi, ama mtakutana huko huko Kongo?

Mtoto ndiye aliyetumwa kuulizia safari ya msemaji wake! Sijui kama Wanzala aliona alichofanya. Nadhani hakuona, nyumbani kwao hakukuwa na mwingine wa kutumwa.

SPIKA: Mwambie... mwambie nitamwona.

CAREN: Sawa.

Lakini hakuondoka. Alihamisha dumu kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

CAREN: Imma aliniambia kuna sheria.

SPIKA: Iko.

CAREN: Ati hamtakula.

SPIKA: Inasema hivyo, ndiyo.

ULAYA: Sasa, mwanangu, iko na mambo yake kidogo. Kuna maneno ya mpaka. Kongo na hapa si kijiji kimoja, lakini tumeona kuna njia, kwa sababu watu wanne wakikaa...

Caren alimsikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, vile mwanafunzi mzuri anavyomsikiliza mwalimu hata asipomwelewa. Heshima hiyo ilimshinda Ulaya. Maneno yakampungukia njiani, akamalizia kwa kukohoa.

CAREN: Baba amesema nikikataa, nisikanyage mlango wake tena. Sasa msipokula, Jumamosi mimi nitalala wapi?

Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza vile mtu anavyouliza duka linafungwa saa ngapi, akiwa na hakika kwamba watu wazima waliotunga sheria nzima hawawezi kuwa wamesahau jambo dogo kama hilo.

Tulikuwa tumesahau. Siku ile ya mkutano tulipanga nani asile, nani asiketi, nani asisimame kuongea, na mtoto mwenyewe hatukumpangia hata mkeka. Spika ana chumba kimoja, pazia katikati, na Imma hulala na wadogo zake chini ya meza ya useremala. Ulaya analala zamu na binamu zake wawili. Daktari kitanda chake kimezungukwa na maboksi ya sumu. Mimi nalala kibandani, na stovu za watu. Nilihesabu kuta hizo zote kichwani, na najua wenzangu pia walikuwa wanahesabu, maana kila mmoja alikuwa ametazama ndani ya kikombe chake. Daktari, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, alifungua mdomo. Hakukuwa na methali.

Ndipo garimoshi la abiria la kwenda Kisumu likaja. Tulishika vikombe. Caren hakuwa na kikombe, akashika dumu lake kwa mikono miwili kifuani na kungoja kama sisi, kwa kuwa amekulia kando ya reli na sheria ya kijiwe anaijua. Madirishani watu walikuwa wamejaa na mizigo yao. Likapita, kelele zikaenda zikizimika upande wa Gatwekera, na neno likarudi kwa aliyekuwa nalo. Aliyekuwa nalo ni Caren, na alikuwa ameshamaliza.

NABWIRE: Kahawa imekwisha.

Akaanza kukusanya vikombe. Changu kilikuwa nusu, akakichukua vile vile. Akazima makaa, akaweka vikombe kwenye ndoo, kisha akampa Caren birika.

NABWIRE: Shika, mwanangu. Shika na mikono miwili, ni nzito. Hilo dumu nitalibeba mimi.

CAREN: Naenda kuteka maji, Mama Vincent.

NABWIRE: Yako kwangu. Na mkeka uko. Leo ni Alhamisi, tuanze na leo.

Kisha akatugeukia. Nilitegemea matusi, na yangenifaa. Lakini Nabwire alituangalia tu kwa uchovu, mmoja mmoja.

NABWIRE: Baba yake akipita hapa, mwambieni ako kwangu. Hiyo mnaweza?

Tukatikisa vichwa kwamba tunaweza. Wakaondoka, yeye mbele na jiko na dumu, Caren nyuma na birika, akitembea polepole asimwage.

Kwa kawaida kahawa ikiisha kijiwe kinavunjika. Kila mtu hukumbuka mke, au deni, au choo. Jioni hiyo hakuna aliyeinuka. Tulikaa kwenye taruma letu bila kahawa, bila vikombe, mikono haina cha kushika.

ULAYA: Unajua, kwa Mama Vincent sasa hivi ni kama uba...

DAKTARI: Wacha, bana. Leo wacha tu.

Ulaya akaacha.

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipomwona Wanzala anavuka reli, ndoo ya vifaa mkononi, viatu vyeupe kwa saruji. Anatembea kama amebeba kitu hata asipobeba. Alifika, akatazama mahali jiko la Nabwire huwa, akatutazama sisi.

WANZALA: Caren amefika hapa?

MIMI: Amefika. Ako kwa Nabwire. Atalala huko.

WANZALA: Kwa nini alale huko?

Spika alisimama. Alipangusa mikono kwenye suruali, akavuta shati, vile anavyofanya akisimama mbele ya wakwe, nami nikajua hotuba inakuja, na hotuba ya Spika ina mito na mabonde na mtu anaweza kupotelea humo pamoja na binti yake.

SPIKA: Wanzala, ndugu yangu. Mimi sina maneno mengi.

Tukangoja mengine. Hayakuja. Spika alisimama pale, akatazama viganja vyake, ambavyo kila kimoja kina kovu la patasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

SPIKA: Ule mlango wako. Upana wake ni kiasi gani? Mbao ninazo.

Wanzala aliweka ndoo chini, akatanua mikono yake hewani, akaipunguza kidogo, na kuishikilia hapo.